Kinyozi na Wanawake wa Nkuhungu

Enzi za Mdachi, nilipokuwa kijana, nilijiita mtu wa pwani. Bahari yenyewe sijaiona hadi leo. Aliyetoka huko ni babu yangu. Alikuja na misafara ya pembe, akafika Ugogo miguu imevimba, akaambiwa apumzike siku mbili tatu, akaoa, akabaki. Baba alizaliwa hapa, mimi nikazaliwa hapa hapa Dodoma, na mama aliyeninyonyesha alikuwa Mgogo. Lakini mtu akiniita Mgogo nilikuwa naudhika hata namwacha na kichwa nusu kimenyolewa, maana kazi yangu ilikuwa kinyozi. Wateja walijifunza kuniita mstaarabu kwanza, kisha ndipo wakae kwenye kigoda.

Kibanda changu kilikuwa kati ya soko na stesheni. Reli ilikuwa mpya, mji wenyewe mpya, na kila mtu aliyepita alitaka kuonekana mpya. Niliwanyoa askari wa boma, wachukuzi, Wahindi wa maduka, hata masheikh. Mimi mwenyewe nilijipaka mafuta ya nazi mpaka nzi wanateleza.

Sasa, kule Nkuhungu, ambako wakati huo kulikuwa tembe na mashamba ya uwele tu, kulikuwa na binti. Nilimpenda. Nasema wazi kwa sababu mengine yote nitakayoyasema hapa yananitia aibu, hili moja halinitii. Baba yake alikuwa mpagazi zamani, amebeba mizigo mpaka pwani na kurudi, akasilimu huko, akarudi kwao na dini, msala na hasira nyingi. Mama yake hakwenda popote. Alibaki na mila za watu wake, naye mzee alishachoka kugombana naye.

Na mila moja ndiyo iliyonimaliza. Kwao, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hasemi naye, hali mbele yake. Mkikutana njiani, wewe unaingia vichakani upande mmoja, yeye anajitanda nguo na kugeukia upande mwingine, mpaka mpishane. Nilipokuwa nikienda kuposa, nikipiga hodi tu, yeye anaingia chumba cha ndani. Kwa hiyo mama wa mchumba wangu nilimjua kwa kisogo na kwa kikohozi. Alivuta kiko, na kikohozi chake kilikuwa cha peke yake: mara mbili kavu, halafu moja ndefu ya kuvuta kama mlango wenye kutu. Uso wake sikuwahi kuuona.

Ndoa ilikuwa ifungwe mwezi uliotangulia. Sikwenda. Kanzu yangu mpya ilikuwa kwa fundi, fundi akashikwa na homa, nami nikaona siwezi kuoa na kanzu ya kazini iliyojaa nywele za watu. Nikatuma salamu kwamba tungoje kidogo. Mzee akarudisha jibu kwa mjumbe yule yule: "Mwambie kanzu yake ndiyo ije kuoa."

Baadaye watu wazima waliingilia kati, akapoa, akataja siku nyingine. Alhamisi, baada ya adhuhuri. Nisipofika safari hii, binti anapewa mpiga kengele wa stesheni. Huyo mpiga kengele alikuwa na koti la serikali lenye vifungo vya shaba, na alikuwa akivisugua kwa majivu kila asubuhi mbele ya kibanda changu, makusudi. Nilimchukia mtu yule kuliko ukame.

Na ukame ulikuwepo. Mvua ilikuwa imegoma, uwele umesimama mashambani mkavu, ng'ombe wanaonekana mbavu. Kisima cha zamani, ambacho wanawake wa pande zile walichota tangu hakuna mji, kilikuwa sasa chini ya stesheni. Wadachi walikichimba zaidi, wakakizungushia ua wa miiba, wakaweka mlango, wakaweka askari mlangoni, wakasema maji haya ni ya garimoshi. Basi garimoshi likija linakunywa, ng'ombe wanatazama.

Asubuhi ya Alhamisi ile nilianza kwa kujinyoa. Kila mtu anajua kwamba kinyozi hajinyoi, na mimi nilijua kuliko wote, lakini ningemwamini nani na kidevu changu siku ya ndoa? Nikajikata. Shangazi yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, alinikuta nimebandika utando wa buibui kwenye kidonda ili damu ikome.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Vua hiyo kanzu," akasema. "Wanawake wa Nkuhungu wanatoka leo."

Nilijua maana yake, mtoto wa Mgogo hawezi kutojua. Nchi ikiingiwa na ubaya, mvua ikikataa au ng'ombe wakifa ovyo, wanaume wakashindwa, wanawake huchukua kazi mikononi mwao. Wanavaa nguo za waume zao, wanashika mikuki na fimbo, wanaswaga ng'ombe, wanaimba maneno ambayo siku nyingine yangewapatia kipigo, na wanausukuma ule ubaya mpaka nje ya nchi. Wanaume siku hiyo wanakaa ndani. Wanasaga, wanapika, wanalea watoto, wananyamaza. Ukikutwa barabarani, shauri yako. Ila safari hii, shangazi alisema, wanawake wameamua kupitia kisimani kwanza, maana mwaka huu ubaya wenyewe una mlango na askari.

"Kaa ndani usage," akaniambia.

"Nisage! Siku ya ndoa yangu?"

"Ndoa gani? Mwenye binti mwenyewe, mama mtu, atakuwa barabarani."

"Mama mkwe wangu? Mke wa mtu wa dini?" Nilicheka. "Shangazi, wale ni watu wa heshima. Na ndoa hufungwa na wanaume. Wanawake waende wanakokwenda."

"Haya, mstaarabu," akasema. "Asiyesikia la mkuu..." Hakumalizia. Guu langu halikuvunjika siku ile, lakini yapo masaa niliyotamani lingevunjika nikalala kitandani kwangu.

Nikatoka. Kanzu nyeupe inang'aa, kilemba kimesimama, udi unanukia hatua tano mbele yangu. Nilikuwa nimefika katikati ya soko niliposikia njuga za ng'ombe na sauti za wanawake, si vigelegele vya arusi, ni sauti nzito za kuswaga. Mhindi wa nguo akavuta mlango wake. Muuza nyama akajifunika gunia pamoja na nyama. Wanawake waliokuwa wakiuza kunde waliinuka, wakafunga nguo kiunoni, wakaziacha kunde pale pale na kwenda kujiunga. Wanaume waliyeyuka. Kufumba na kufumbua soko zima limebaki na mimi na mbwa, na mbwa naye akafikiri mara mbili akaondoka.

Kwa nini sikukimbia? Kwa sababu ya kanzu. Ukikimbia katika kanzu mpya unaikanyaga. Basi nikasimama katikati ya njia, nikakunja uso.

Wakaja. Ng'ombe mbele, wamekonda, wakazikuta zile kunde na kumshukuru Mungu. Nyuma yao wanawake, njia nzima imejaa, wazee kwa vijana, wamefunga mashuka ya kiume begani, wengine wamevaa kofia za waume zao. Anayewaongoza alikuwa mwanamke mrefu ndani ya koti kuukuu la kijeshi lililofika muundini, halina kifungo hata kimoja, kofia ya mwanamume kichwani, kiko mdomoni, mkuki mkononi. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu akanitazama machoni.

"Mbukwenyi," akanisalimu, kwa sauti nzito ya kiume.

Mtoto yeyote wa Ugogo angeitikia. Mimi nikajitia sijui lugha. "Nipisheni," nikasema, kwa Kiswahili cha kuvutavuta nilichodhani ndicho cha pwani. "Nina shughuli."

"Shughuli gani, dada, na nguo ndefu hivyo?"

Wakacheka. Damu ikanipanda. "Ninakwenda kuoa!"

"Ala! Kwa nani?"

"Kwa watu wa heshima. Watu ambao wanawake wao wametulia ndani, hawazururi na mikuki barabarani."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, mmoja ikabidi aegemee fimbo. Nilishangaa, maana sikuona nilichosema cha kuchekesha. Yule mrefu akatoa kiko mdomoni.

"Hata mimi nina binti," akasema taratibu. "Naye anaolewa leo."

Mwenye akili angenusa hapo. Mimi nilikuwa nanusa udi wangu. Mdomo ulioniponza mara nyingi ukafunguka wenyewe. "Basi namhurumia huyo atakayemwoa binti yako! Masikini wa Mungu. Akimwona mama mtu alivyo, atakimbia mpaka Tabora, tena bila viatu!"

Njia nzima ikalipuka. Wengine walikaa chini kwa kucheka. Yule mwanamke mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, mara mbili kavu, halafu moja ndefu ya kuvuta. Kikohozi kile kiligonga mahali kichwani mwangu, lakini hakuna aliyefungua.

"Umechoka, dada," akasema alipopata pumzi. "Umesimama sana. Chukua kazi yako."

Akamtoa mtoto mgongoni kwa mama mmoja, akaniinamisha kwa mkono mmoja kama anainamisha mbuzi, akanifunga mtoto mgongoni kwa mbeleko. Nikapiga kelele. Mikuki ikasogea kidogo tu, nikanyamaza. Kilemba changu, nilichokifunga na kukifungua asubuhi nzima, wakakivua, wakakizungusha kikawa ngata, wakaniwekea kichwani, na juu yake mtungi mtupu. Mtoto alikuwa mnono kuliko ng'ombe wote wa Ugogo mwaka ule, na alikuwa amelowa.

"Twende," wakasema. Tukaenda, na mimi nikienda upande ambao siko niendako, jua linapanda, na huko Nkuhungu mpiga kengele anasugua vifungo.

Njiani msichana mmoja mwenye shuka la kiume alinisogelea, fimbo begani. Nilipomtazama, ni yeye. Mchumba wangu. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akauma mdomo.

"Usiseme neno jingine," akaninong'oneza. "Hata moja. Nakuomba."

Nilidhani ananihurumia. Nikafikiri, maskini, katoroka nyumbani, na mama yake hajui! Nikaazimia kumfichia siri, mama mkwe asijue.

Tulipofika stesheni, ng'ombe walipanda juu ya reli na kusimama, kama walioahidiana. Garimoshi lilikuwa tayari kuondoka, likapiga honi, ng'ombe wakalitazama. Abiria wakachungulia madirishani, wakiwemo Wazungu wawili watatu. Askari wa kisimani, niliyemnyoa mwenyewe wiki ile ile, aliinua bunduki, akaielekeza kwa huyu, akaielekeza kwa yule, mwisho akaielekeza juu, maana naye alizaliwa na mwanamke na alijua kwamba siku kama hiyo anayewagusa hataona heri. Nilimkonyeza anitambue. Akajifanya hanijui.

Wanawake walikaa mbele ya mlango wa kisima na mitungi yao, wakaimba. Hawakuvunja kitu. Bwana Mkubwa wa boma akaja juu ya nyumbu, mwekundu usoni, akautazama umati ule wote, na nikaona macho yake yanatafuta. Yalipita juu ya wanawake mia kama yanapita juu ya nyasi. Alikuwa anatafuta mwanamume. Haikumwingia akilini kwamba jambo hili halina mwanamume ndani yake. Mwishowe macho yakapata kanzu.

Akanijia. "Wewe ndiye mkubwa wa watu hawa?"

Hapa sharti nieleze jambo. Sisi watu wa mjini tulikuwa na mazoea. Mzungu akifungua mdomo, unasema kwanza "ndiyo, Bwana," halafu ndipo unasikiliza alichosema. Ilituokoa mara nyingi.

"Ndiyo, Bwana," nikasema.

Ndipo nikasikiliza. Na Mungu anisamehe, kabla hofu haijafika, ilinipendeza. Hakuna aliyewahi kuniita mkubwa. Nilinyoosha mgongo, na mtungi kichwani, na mtoto.

"Hamsa ishirini," akasema Bwana Mkubwa, na hofu ikafika.

Ambao hawakuishi enzi zile hawajui maneno hayo. Ni viboko ishirini na vitano, na vilihesabiwa kwa sauti. Askari, mteja wangu, alinikamata kwa furaha ya mtu aliyepata hatimaye kazi anayoiweza. Walinilaza juu ya magunia pale jukwaani. Lakini mtoto alikuwa mgongoni, na mbeleko yake ilishuka mpaka mahali penyewe. Askari akajaribu kufungua fundo. Halikufunguka. Akaita mwenzake. Mafundo yale wanawake hufunga kwa namna yao, na hawakuwafundisha askari. Mtoto akaanza kulia, nami nikamsaidia.

"Mimi mpita njia!" nilipiga kelele. "Mpita njia tu, Bwana! Nilikuwa nakwenda kuoa!"

"Wote hupita njia," akasema Bwana Mkubwa. Akaagiza kisu kiletwe, mbeleko ikatwe.

Nyimbo zikanyamaza. Nikasikia hatua, nikageuza shingo, nikaona lile koti. Yule mwanamke mrefu alikuwa amesimama kati yangu na Bwana Mkubwa. Alikuwa ameuweka mkuki chini.

"Bwana," akasema, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. "Huyu si mkubwa wetu. Huyu hawezi kuwa mkubwa hata wa kuku. Mkubwa ni mimi. Mimi ndiye niliyewaita hawa, na maji ni mimi ninayeyataka."

Bwana Mkubwa akamtazama, akanitazama. "Yeye mwenyewe amesema ndiyo."

"Huyu husema bila kufikiri. Mimi namjua. Ni mkwe wangu, anamwoa binti yangu leo hii. Kama kuna wa kupigwa, ni mimi."

Na kabla sijapata akili, akajilaza. Alijinyoosha juu ya magunia kando yangu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akaweka shavu juu ya mkono, uso wake karibu na wangu. Kichwani mwangu ule mlango uliogongwa sokoni ukafunguliwa kwa teke. Nilikuwa nimemtazama mama mkwe wangu machoni. Nilikuwa nimesema naye. Nilikuwa nimemwambia, mbele ya nchi nzima, yale niliyomwambia. Nikavuta ncha ya mbeleko nikajifunika uso, na nikalia, kwa aibu kuliko kwa hofu.

"Acha kulia," akasema kwa sauti ndogo. "Utamtia hofu mtoto."

Nyuma yetu wanawake walianza kulala chini, mmoja mmoja, jukwaani, kwenye mawe, katikati ya reli. Mchumba wangu alilala miguuni kwa mama yake. Garimoshi likapiga honi tena. Bwana Mkubwa akatazama ng'ombe, akatazama wanawake, akatazama saa yake, akawatazama wale Wazungu madirishani waliokuwa wakicheka kwa lugha yao. Ningependa kusema alitahayari kwa haki. Nadhani alitahayari kwa wale wenzake. Alisema, kwa ufupi, kwamba kisima kitafunguliwa kila asubuhi mpaka mvua zinyeshe, na kwamba ng'ombe waondolewe upesi kabla hajabadili nia. Viboko havikutajwa tena.

Wanawake walichota maji kwanza. Halafu wakaendelea na safari yao ya kuutupa ubaya mpakani, maana kazi ilikuwa haijaisha. Mimi wakaniacha nilipo. Mtoto pia.

Nikaanza kwenda Nkuhungu, karibu nakimbia. Jua lilikuwa limepinda, adhuhuri imepita zamani, na katika kila hatua nilimsikia baba mkwe akisema "mpe wa stesheni." Nilikuwa tayari kupiga magoti. Nikafika, nikapiga hodi, nikaingia katika moshi.

Baba mkwe alikuwa amechutama mekoni, macho yanamtoka machozi, anasonga ugali wa uwele wenye mabonge kama ngumi. Sheikh alikuwa na wajukuu wawili mapajani, mmoja anamvuta ndevu. Mpiga kengele alikuwepo, alikuja mapema kungojea nishindwe, na kwa kuwa alikuja mapema alipewa jiwe la kusagia. Alikuwa amepiga magoti anasaga, jasho linamtiririka, vifungo vyake vya shaba vimejaa unga. Aliponiona, nadhani hata yeye alifurahi.

"Umechelewa," akasema baba mkwe.

"Nisamehe, baba."

Alinitazama kuanzia ngata ya kilemba mpaka kanzu iliyolowa mkojo wa mtoto. Akatazama mtoto. Alikuwa mjukuu wake. Hilo nalo sikulijua.

"Lakini naona ulikuwa kazini," akasema. "Kaa. Sheikh, tumalize kabla ugali haujaungua."

Tulijaribu kumfungua mtoto kwanza, wanaume wanne, tukashindwa. Basi nilioa hivyo, nimekaa upande upande, mtoto mgongoni amelala na mdomo wazi shingoni mwangu. Sheikh aliponiuliza kama nimekubali, nilisikiliza swali mpaka mwisho, ndipo nikajibu. Mpiga kengele alikuwa shahidi.

Jua lilipokuwa linazama wanawake walirudi. Nikasikia kile kikohozi uani, nikainamisha kichwa. Alivua koti la mumewe, akajitanda nguo zake, akaingia chumba cha ndani, na mila ikaendelea pale ilipoishia. Mvua ilinyesha baadaye, wanawake wakasema kazi yao, Wadachi wakasema mawingu, nami sikusema kitu, kwa mara ya kwanza maishani.

Tangu hapo nilibeba deni ambalo sikujua njia ya kulilipa. Utamwombaje radhi mtu usiyeruhusiwa kumsemesha? Yule mama alikuwa ameuweka mgongo wake mahali pa mgongo wangu, na mimi sikuweza hata kumwambia asante. Nilimtuma mke wangu. Akarudi akicheka. "Mama anasema hajui unazungumzia nini. Aliyekutana nawe barabarani alikuwa mwanamume fulani, yeye hamjui." Nilileta chumvi, nilileta tumbaku nzuri ya Tabora, niliviacha mlangoni. Kikohozi kilipokea. Watoto wetu wakazaliwa, wakafungwa mgongoni kwake, nami niliona migongo yao na kisogo chake vikipotea nyuma ya ukuta. Kila mara niliwaza jambo lile lile: uso ule niliruhusiwa kuutazama siku moja, na siku hiyo niliutukana.

Kisha vita vikaja, garimoshi likawa linapita limejaa askari, na mwaka huo mama mkwe akalala hakuinuka. Jioni moja mke wangu alinijia kibandani, macho mekundu.

"Mama anakuita."

"Ananiita vipi? Mimi?"

"Nenda tu."

Nikaenda Nkuhungu. Nikasimama nje ya chumba cha ndani, nikakohoa, nikainamisha uso, sijui niseme nini.

"Ingia," sauti ikasema. "Leo mimi mwanamume. Nitazame."

Niliinua macho. Alikuwa ameegemezwa ukutani juu ya ngozi ya ng'ombe, na alikuwa amevaa lile koti. Lilikuwa limemzidi sasa, mabega yameanguka. Kofia ya mumewe ilikuwa kichwani, imekaa upande. Walimvalisha mabinti zake, yeye akiwaamuru. Macho yalikuwa yale yale.

"Mbukwenyi," akasema.

Nikaitikia. Kwa Kigogo, kama mama yangu alivyonifundisha, na sauti yangu ikakatika katikati.

Nilikuwa nimepanga maneno ya miaka, yote yakaja kwa pamoja. Nilitaka kusema nisamehe, nilitaka kusema asante, masikio yalikuwa yanavuma, machozi yananishuka mpaka kidevuni, na nikaona midomo yake inasogea.

"Ndiyo, Bwana," nikasema.

Ndipo nikasikia alichouliza. Alikuwa ameuliza: "Bado unamhurumia yule aliyemwoa binti yangu?"

Akacheka. Alicheka na mwili wote mdogo uliobaki ndani ya koti lile, mpaka akakohoa, mara mbili kavu, halafu ile ndefu. Nami nikacheka, huku nalia, na mabinti nje wakaja mlangoni kuona kuna nini. Alipotulia alinishika mkono, akaushikilia. Kisha akaniambia nigeukie ukuta, amechoka, anataka kuvua koti.